Akii-Bua: Askari wa Kampala aliyejifunga kilo 11 ili aiteke dunia

Ukifika Msimbati, kule kusini kabisa mwa pwani yetu, jirani na pale Mto Ruvuma unapomwaga maji baharini, baiskeli huacha kuwa chombo na kugeuka mzigo. Mchanga unashika tairi, mnyororo unakwaruza, na mwenye baiskeli hana ujanja. Anashuka, anasukuma, pengine anaitia begani mpaka apate ardhi ngumu. Kwa mkazi wa huko hiyo si habari ya kuandikwa gazetini.

Huko Ulaya jambo hilohilo ni mchezo, tena mkubwa. Unaitwa saiklokrosi. Waendesha baiskeli wanapita kwenye matope, kwenye miinuko na kwenye mbao zilizowekwa njiani makusudi ili kuwasumbua. Wanaruka chini, wanabeba baiskeli begani, wanapanda tena. Pale Koksijde, pwani ya Ubelgiji, njia yao inakatiza kwenye vilima vya mchanga wa baharini, na mwaka 2012 ubingwa wa dunia uliamuliwa hapohapo mchangani.

Wanaoujua mchezo huo watakwambia kwamba mbio zenyewe ni za saa moja hivi, lakini ushindi unatafutwa miezi mingi kabla, wakati hakuna shabiki wala kamera. Anayezoea kizuizi kigumu mazoezini, siku ya mbio kizuizi kinamwona yeye ndiye mgumu.

Afrika Mashariki hatujawahi kutoa bingwa wa dunia wa saiklokrosi. Lakini bingwa wa vizuizi tulimpata, miaka zaidi ya 50 iliyopita. Hakuwa na baiskeli. Alikuwa na miguu yake, kizibao chenye vyuma, mshahara wa polisi na kocha mmoja Mwingereza. Jina lake John Akii-Bua, na alitoka kwa jirani zetu Uganda.

Kama wewe ni kijana unayeamka alfajiri kukimbia ufukweni ukisubiri siku ya majaribio ya timu, soma hadi mwisho. Hadithi hii inakuhusu, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Mtoto wa nyumba yenye timu nne

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto 43. Hesabu mwenyewe: hapo unapata timu tatu kamili za mpira na ya nne ikiwa imebakiza mtu mmoja tu.

Michezo ilikuwemo kwenye damu ya ukoo. Kaka yake mmoja, Lawrence Ogwang, alikuwa mrukaji aliyekwenda kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, Uganda ilipopeleka timu kwa mara ya kwanza. Lakini John mwenyewe hakulelewa kama nyota. Alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa kijijini, akaacha shule mapema, na alipokua akaenda kutafuta maisha kwenye Jeshi la Polisi.

Zama zile polisi, magereza na jeshi ndizo zilizokuwa akademi za michezo katika nchi zetu. Kijana mwenye kipaji hakusajiliwa kwa mamilioni. Alipewa sare, kitanda, chakula na muda wa kufanya mazoezi, basi. Hata kwenye mpira wetu hapa nyumbani, wachezaji wengi wa miaka hiyo walikuwa waajiriwa wa mashirika na taasisi, jioni ndiyo wanavaa jezi. Huyo ndiye anayeitwa mchezaji wa ridhaa: anacheza kwa mapenzi, halipwi kwa mchezo wake.

Kule polisi alikutana na Jorem Ochana, askari aliyekuwa mmoja wa warukaji bora wa viunzi barani Afrika. Ochana alipomwona kijana huyu mrefu, mwenye nyonga laini na miguu ya kunesa, akajua ameokota kitu.

Mafunzo ya Ochana hayakuwa ya kubembelezana. Ili kumzoeza kijana wake kupita chini chini juu ya kiunzi bila kupaa kama ndege, aliweka ufito juu ya viunzi. Ukiruka juu kupita kiasi, ufito unakugonga kichwa. Akii-Bua aligongwa mara nyingi mpaka damu ikamtoka kwenye paji la uso. Alijifunza.

Kocha mgeni na uamuzi mgumu

Mwaka 1968 alifika Kampala kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, kuifundisha timu ya riadha ya Uganda. Wakati huo hakuwa na jina. Baadaye ndiye atakayemnoa Colin Jackson wa Wales, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1993. Lakini shule yake kubwa ya kwanza ilikuwa Uganda, na mwanafunzi wake mkubwa wa kwanza alikuwa askari huyu wa Lango.

Akii-Bua alikuwa anakimbia mita 110 kuruka viunzi. Arnold akamwangalia, akaona anapoteza wakati. Akamhamishia mita 400.

Kwa shabiki wa mpira, chukulia ni kama kocha anamchukua straika anayejipenda na kumwambia kuanzia leo anacheza kiungo mkabaji. Mita 400 kuruka viunzi ni mbio za mateso. Unazunguka uwanja mzima kwa kasi ya mbio fupi, na njiani kuna viunzi 10 vyenye kimo cha sentimita 91.4. Kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi mita 35, na ukimaliza cha mwisho umebakiza mita 40 za kufa na kupona. Wakimbiaji wenyewe wanaziita mbio za kuua mtu.

Mwaka 1970 alikwenda Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Alifika fainali huku mgongo ukimsumbua, akamaliza wa nne. John Sherwood wa Uingereza alichukua dhahabu. Fedha ilikwenda kwa William Koskei, Mkenya aliyekuwa anaikimbilia Uganda kabla hajarudi kuvaa jezi ya kwao. Kwa hiyo hata nyumbani Kampala, Akii-Bua alikuwa hajawa namba moja.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Kwenye mashindano ya Afrika dhidi ya Marekani kule Durham, North Carolina, alikimbia sekunde 49.0. Hakuna aliyekimbia haraka kuliko hapo dunia nzima mwaka 1971. Hata hivyo wakubwa wa mchezo hawakushtuka sana. Kwao alikuwa kijana aliyebahatika siku moja, kutoka nchi isiyo na viwanja vya maana wala mashindano ya kumkomaza.

Walikuwa na sababu ya kujiamini. Bingwa wa Olimpiki alikuwa David Hemery wa Uingereza, aliyewaacha wenzake mbali kule Mexico mwaka 1968 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Nyuma yake alikuwepo Mmarekani Ralph Mann, mtu wa chuo kikuu, mwenye viwanja vizuri na mashindano kila wiki. Hao ndio waliotajwa kila Olimpiki ya Munich ya 1972 ilipozungumzwa.

Mazoezi ya kilo 11

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe, maandalizi.

Arnold na Akii-Bua walijua hawana vitu ambavyo wenzao wanavyo. Hawakuwa na mashindano makubwa kila wiki. Hawakuwa na wapinzani wa kiwango hicho pale Kampala wa kuwasukuma. Walichokuwa nacho ni vilima, jua, muda na ukaidi. Wakaamua kufanya jambo moja: mazoezi yawe magumu kuliko mbio zenyewe.

Akii-Bua alivaa kizibao chenye uzito wa pauni 25, yaani kama kilo 11. Fikiria ndoo ya maji ya lita 10 imefungwa mwilini. Na huo mzigo hakutembea nao, alikimbia nao mita 1,500, tena juu ya viunzi. Na viunzi vyenyewe hakuviweka kwenye kimo cha mbio zake. Aliviweka kwenye kimo cha mita 110, sentimita 106.7, vinavyomzidi kimo alichozoea kwa zaidi ya sentimita 15. Akimaliza mzunguko mmoja wa zoezi hilo anapumzika kidogo, anarudia. Anarudia tena.

Siku nyingine ni vilima. Kampala ni mji wa vilima kama Mtwara ilivyo nchi ya korosho, na kocha alivitumia kama mashine ya mazoezi isiyohitaji umeme. Kupanda, kushuka, kupanda.

Mantiki yake ni ileile ya makocha wetu wanaopeleka timu ufukweni wakati wa maandalizi ya msimu. Mchanga unanyonya kila hatua. Mguu unazama, paja linawaka, pumzi inakata. Ukizoea kuchomoa mguu mchangani wiki sita, siku unayokanyaga nyasi unahisi unapaa. Vijana wa Msimbati hilo wanalo bure nje ya mlango. Akii-Bua hakuwa na bahari, alijitengenezea mchanga wake kwa vyuma vya kizibao.

Lakini nguvu peke yake haitoshi kwenye viunzi. Kuna hesabu.

Mrukaji wa mita 400 anahesabu hatua kati ya kiunzi na kiunzi. Akipiga hatua 13, au 15, ambazo ni namba witiri, atafika kila kiunzi kwa mguu uleule. Wengi wa enzi hizo walizoea kuruka kwa mguu mmoja tu, hivyo uchovu ukiingia walilazimika kutoka 13 kwenda 15 kwa mkupuo. Hapo hatua zinafupika ghafla na kasi inakufa. Ni sawa na winga anayejua kukata kwa guu moja tu, beki akilifunga hilo guu mchezo umekwisha.

Akii-Bua alijifunza kuruka kwa miguu yote miwili. Kwa hiyo alianza na hatua 13, miguu ikianza kuchoka akaingia 14 akibadilisha mguu kila kiunzi, na 15 akaiweka akiba ya mwishoni. Wenzake wakiruka ngazi mbili, yeye anashuka moja moja. Hilo halikuja kwa kipaji. Lilikuja kwa kurudia kitu kilekile miezi na miezi, asubuhi na jioni, mpaka mguu wa kushoto ukasahau kwamba ni wa kushoto.

Na yote hayo bila kulipwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wakati huo ilikuwa chini ya Mmarekani Avery Brundage, mzee aliyechukia pesa kwenye michezo kuliko kitu kingine. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1972 alimfukuza Karl Schranz, Mwaustria bingwa wa kuteleza kwenye theluji, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Sapporo kwa sababu ya mambo ya matangazo ya biashara. Ridhaa maana yake ridhaa. Akii-Bua alikula mshahara wa polisi, akavaa kizibao, akakimbia.

Septemba 2, 1972

Munich. Fainali. Njia zimepangwa, na Akii-Bua amepewa ya kwanza, ya ndani kabisa.

Kwa mtu mrefu anayeruka viunzi, hiyo ni adhabu. Kona ya njia ya ndani imebana kuliko zote. Unapinda huku unaruka, mwili unavutwa nje na kiunzi kinakusubiri. Habari hiyo ilimtesa tangu alipoipata, na usiku wa kuamkia fainali usingizi haukuwa rafiki yake.

Njia ya kwanza ina faida moja tu, unawaona wote mbele yako. Kwa mwoga hiyo ni hasara nyingine. Kwa mwindaji ni karamu.

Mlio ukatoka. Hemery aliondoka kama mtu anayedaiwa, kasi kali tangu mwanzo, akitaka kuua mbio mapema kama alivyofanya Mexico. Akii-Bua hakupaniki. Hatua 13, ruka. Hatua 13, ruka. Upande wa mbali wa uwanja akaanza kumsogelea. Kwenye kona ya mwisho, pale wengine walipoanza kukatika hatua, yeye akashuka ngazi zake moja moja.

Walipotokea kwenye mstari mnyoofu, Hemery alikuwa amebakiwa na moyo tu. Akii-Bua akampita. Akaruka kiunzi cha mwisho na kukimbia mita 40 zilizobaki peke yake, kilo 11 zikiwa zimebaki Kampala.

Sekunde 47.82. Rekodi ya dunia. Binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48 kwenye mbio hizo. Mann alipata fedha kwa 48.51, Hemery shaba kwa 48.52. Pengo kati ya wa kwanza na wa pili lilikuwa karibu sekunde 0.7, ilhali wa pili na wa tatu waligawanywa na upana wa kifua.

Baada ya hapo jamaa hakukaa chini. Alizunguka uwanja akishangilia, akaruka viunzi ambavyo havikuwepo tena kwenye ratiba, na watu waliokuja kumwona Hemery wakasimama kumpigia makofi. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Uganda. Mabondia wao walishaleta medali kutoka Mexico, lakini dhahabu, hapana. Na ingekaa peke yake miaka 40, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012.

Rais anapompenda mchezaji

Hapa ndipo hadithi inapokuwa nzito.

Rais wa Uganda alikuwa Idi Amin, aliyempindua Milton Obote Januari 1971. Amin alipenda michezo kwelikweli. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa ndondi nchini mwake. Medali ya Munich aliipokea kama yake. Akii-Bua alipandishwa cheo, akapewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake.

Lakini Obote alikuwa Mlango. Na Akii-Bua alikuwa Mlango.

Siku 15 tu baada ya fainali ya Munich, Septemba 17, 1972, wapiganaji wa Obote waliokuwa wamehifadhiwa hapa Tanzania walivuka mpaka kuingia Uganda. Wakashindwa. Kilichofuata kwa Walango na Waacholi kilikuwa kisasi. Waliuawa askari, maofisa, walimu, wafanyabiashara. Ndani ya ukoo wa bingwa mwenyewe watu waliuawa. Serikali iliyobandika jina lake kwenye kibao cha barabara ndiyo iliyokuwa inawamaliza watu wake.

Weka akilini mwako hali hiyo. Unaamka, unavaa kizibao, unakwenda mazoezini. Unajua ukishinda, unampa sifa mtu anayewaua ndugu zako. Ukikataa kukimbia, wewe ndiye utakayefuata. Medali ilikuwa ngao yake na pingu yake kwa wakati mmoja.

Alikimbia. Januari 1973 alishinda dhahabu kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos. Kila aliposafiri angeweza kubaki hukohuko Ulaya au Marekani. Alirudi. Familia ilikuwa Kampala.

Mwaka 1976 ilikuwa zamu ya Montreal. Safari hii kulikuwa na kijana mpya wa Marekani, Edwin Moses, na dunia ilitaka kuwaona wawili hao pamoja. Haikutokea. Nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu, na bado ikaruhusiwa kushiriki Olimpiki. Uganda ilisusia. Tanzania nayo ilisusia, na ndiyo maana Filbert Bayi wetu hakukutana na John Walker kwenye mita 1,500. Moses alishinda kwa sekunde 47.6 na ushei, na rekodi ya Akii-Bua ikaondoka bila mwenyewe kuwepo uwanjani kuitetea.

Ususiaji ule ulikuwa na haki yake, makaburu walistahili kutengwa. Lakini mchezaji wa ridhaa hakuwa na mshahara wa kumfariji wala msimu ujao wa kusubiri. Alikuwa na siku moja kila miaka minne. Ikipita, imepita.

Vita vyetu, ukimbizi wake

Kilichofuata Watanzania tunakijua. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Mwaka huohuo, Machi, mashabiki wa Uganda walikuwa wameiona timu yao ya Cranes ikifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika na kufungwa 2-0 na Ghana mjini Accra. Toka fainali mpaka vita ni miezi saba. Vijana wa kila mkoa wa Tanzania, wa kusini wakiwemo, walivaa magwanda, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Kwa Walango wengi huo ulikuwa ukombozi. Kwa Akii-Bua ulikuwa hatari ya upande wa pili. Alikuwa ofisa wa polisi wa serikali iliyoanguka na kipenzi cha Amin hadharani. Nani angesimama barabarani kumweleza kila mwenye bunduki kwamba alipoteza ndugu kwa mkono wa huyohuyo Amin?

Akakimbia, safari hii bila viunzi wala mstari wa mwisho. Alivuka kuingia Kenya na familia yake, mkewe akiwa mjamzito. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati na akafa baada ya siku chache. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini kama mkimbizi mwingine yeyote.

Waliomtoa ni kampuni ya viatu ya Puma, ambayo alivaa viatu vyake alipokuwa anakimbia. Ikamchukua kwenda Ujerumani Magharibi na kumpa kazi. Mwaka 1980 aliivalia tena Uganda kwenye Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 30, miguu imechoka kuliko umri wake, na hakufika fainali.

Miaka ya 1980 alirudi nyumbani, akarudi polisi, akapanda vyeo na kufundisha vijana. Mkewe alitangulia kufa. Yeye alifariki Juni 20, 1997, akiwa na miaka 47 tu, akaacha watoto 11. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa.

Alichobaki nacho

Hesabu alichopewa Akii-Bua na alichonyang'anywa. Nyumba aliikimbia. Cheo kilikuwa cha serikali. Barabara ni ya jiji. Rekodi ya dunia ilichukuliwa akiwa hayupo, na leo Karsten Warholm wa Norway ameishusha hadi 45.94, muda aliouweka Tokyo mwaka 2021. Hata sifa ya medali, kuna mtu alijaribu kuivaa kama koti lake.

Kitu kimoja hakuna aliyeweza kukigusa. Ile miezi ya kabla ya Munich. Ule ufito wa Ochana, kile kizibao, vile viunzi vilivyopandishwa, ule mguu wa kushoto uliofundishwa kazi ya mguu wa kulia. Hakuna rais aliyekimbia zile mita 1,500 badala yake, na hakuna askari wa kizuizini aliyeweza kumpokonya.

Vijana wetu wengi wanaamini wanachokosa ni uwanja, viatu na mtu wa kuwaona. Vitu hivyo ni vya kudaiwa, na viongozi wa michezo wasikae kimya kwa kisingizio cha Akii-Bua. Mchezaji wa ridhaa aliyebebwa na nchi siku ya ushindi na kuachwa kambini siku ya mvua ni aibu, si mfano wa kuiga. Angekuwa na klabu, mkataba na bima, pengine asingesubiri kampuni ya viatu ije kumkomboa.

Lakini kizibao hakisubiri viongozi. Kwenye uwanja mbovu, na kocha mmoja, na mshahara wa polisi, mtu aliamua kwamba mbio zitakuwa rahisi kuliko mazoezi, na akafanya hivyo kila siku mpaka ikawa kweli. Zaidi ya nusu karne imepita, na Uganda imetoa wakimbiaji wakubwa wa kila aina. Kwenye mita 400 kuruka viunzi, ukifungua vitabu vya rekodi vya nchi hiyo, muda unaosomeka ni uleule wa Munich: 47.82.